Picha Zilizolala Uso kwa Uso

Nguo nikiianua kambani huigusisha shavuni kabla sijaikunja. Nafanya hivyo kwa shuka, kwa sare za watoto, kwa vitambaa vya jikoni, kwa kila kitu. Mume wangu hunicheka, anasema soksi zake zinabusiwa kuliko yeye. Nami hucheka naye, maana ni rahisi kucheka kuliko kueleza.

Aliyenifundisha ni shangazi yangu Zaituni, dada yake baba. Alikuwa akisema kitu chenye maji ndani kitakuwa baridi shavuni hata kama mkono umekiona kikavu. Mkono umeshika mambo mengi, hauoni tena tofauti. Tumemzika miezi michache iliyopita, na tangu siku ya tatu ya msiba ule sijaweza kuanua nguo bila kumkumbuka yeye, na picha nne, na uongo wangu.

Shangazi alikuwa na studio ya picha mjini Dodoma, si mbali na soko, katika vyumba viwili vya mbele vya nyumba aliyoachiwa na mumewe. Pamoja na nyumba aliachiwa kamera kubwa ya miguu mitatu, mashine ya kukuzia picha, na majirani waliokaa vibarazani kusubiri kuona mwanamke mwenye baibui atafanya nini na vyombo vile. Alipiga picha. Alipiga za ndoa, za vitambulisho, za wazee waliotaka wajukuu wawajue. Mimi nililetwa kwake nilipoanza darasa la kwanza, kwa sababu yeye hakujaliwa mtoto na kwetu tulikuwa tumejazana. Alinilea kama wake, na alinichapa kama wake pia.

Ninayoyasimulia yalitokea nilipokuwa na miaka kumi hivi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yaliyozoea kuuza viberiti na chumvi yalipoanza kujaa kila kitu, kuanzia sabuni za kunukia mpaka redio kubwa kama masanduku. Wapiga picha wengi walikwishahamia kwenye karatasi za plastiki, ambazo ukigeuka tu zimekauka. Shangazi aling'ang'ania zile nzito za zamani, zisizo na plastiki, zinazokunywa maji kama mkate kwenye chai. Aliwaambia wateja kwamba picha yake ingeishi kuliko wao, na wateja hawakujua kama wafurahi au wanune.

Shida ya karatasi ile ilikuwa kuikausha. Hewa ya Dodoma ni kavu na upepo wake hauna adabu. Picha ikitoka majini ukaiacha mezani, upande wa sura unakauka na kunywea kabla ya mgongo, na kufikia adhuhuri imejiviringa ikawa bomba. Mimi niliamini kwamba wanaojiviringa ni watu wenye kiburi. Picha ya mwalimu wetu mkuu ilijiviringa kuliko zote, nikaona nimepata ushahidi.

Basi Shangazi alikuwa na utaratibu wake, nao haukuvunjwa. Picha ilioshwa kwenye ndoo sita, moja baada ya nyingine, kwa maji yaliyoletwa na mkokoteni. Ililazwa juu ya kioo ikakamuliwa kwa kipande cha raba ya waipa ya gari. Kisha ilipelekwa chumba cha nyuma, pazia likiwa limefungwa, ikalazwa kifudifudi juu ya wavu wa mbu uliowambwa kwenye fremu ya kitanda kibovu. Pale ilikaa mpaka ipoteze baridi shavuni. Hapo ndipo ilipoingia chini ya ubao, kila picha ikiwa katikati ya karatasi mbili za kukaushia wino, zile za rangi ya waridi zilizokuwa zikitumika maofisini. Juu ya ubao tuliweka kichwa cha cherehani na jiwe la kusagia. Baada ya siku mbili tatu picha ilitoka imenyooka, nzito, ikitoa harufu ndogo ya siki. Nilipenda kunusa harufu ile kuliko chakula.

Jumanne moja ilikuja familia kutoka kijiji kimoja mbele ya Ihumwa. Baba alitangulia na fimbo yake, nyuma yake mama, bibi mmoja mkongwe, mtoto wa kiume wa miaka mitatu, na msichana wa umri wangu aliyeshika kanga ya mama yake kwa nyuma. Alitembea ameinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza.

“Mbukwa,” Shangazi akawasalimu kwa Kigogo. Hakuwa Mgogo, lakini salamu alikuwa nazo zote, ni mali ya kazi.

Yule baba akacheka. “Mbukwa, mama. Tumekuja kwa ajili ya huyu, anaitwa Nyemo. Macho yake yanazimika. Daktari kasema hayatarudi. Kapata nafasi shule ya wasioona kule Buigiri, Jumatatu tunampeleka.”

Hapo nikatumwa kuleta viti. Nikaenda nimebeba kichwani sentensi hizo tu, na sentensi hizo ndizo zilizoniponza. Nilisikia wasioona, nikajua Nyemo haoni. Nilipokuwa nakokota benchi kutoka uani, nilijiuliza kipofu ana haja gani na picha. Nikaona labda ni mambo ya wakubwa, kama kumwekea sahani mgeni ambaye ameshasema ameshiba.

Nilichokosa kusikia Shangazi alinieleza baadaye, wakati kilikuwa hakina faida tena. Nyemo alikuwa bado anaona kidogo, kitu kikubwa, cheusi na cheupe, akikisogeza mpaka puani. Baba yake alitaka sura ya kila mtu wa nyumbani, kubwa sawa na uso wenyewe, ili mtoto akiwa shuleni azisome kila siku mpaka macho yatakapofunga, na yakifunga awe amekwishazishika. “Mimi mwenyewe nikikaa naye karibu hivyo nitamchekesha,” alisema. “Karatasi haichekeshi.”

Shangazi alikuwa na karatasi nne tu za ukubwa ule, za boksi la mwisho lililotoka Nairobi. Wao walikuwa wanne ukimtoa Nyemo. Akasema Mungu ameshahesabu, akaanza kazi.

Mama yake Nyemo ndiye aliyempa taabu. Hakuwahi kupigwa picha, akakaa amekaza uso kama anayevutwa jino.

“Mama, utacheka au hutacheka?” Shangazi aliuliza kutoka chini ya kitambaa cheusi.

“Nimeshaanza,” yule mama akajibu. “Wewe piga tu.”

Na kweli alikuwa ameanza. Ilikuwa kona moja ya mdomo, upande wa kushoto. Nilikuwa nimesimama na taa, niliiona.

Picha zilioshwa Alhamisi zikalazwa wavuni. Ijumaa Shangazi alialikwa kwenye maulidi. Alipokuwa anajifunga mtandio aliniita chumba cha nyuma. Palikuwa na za Nyemo nne, na za arusi ya mfanyabiashara mmoja wa nafaka, mtu mkubwa pale mtaani, ambazo ziliniingia akilini kuliko zote kwa sababu bibi arusi alikuwa na taji.

“Baada ya alasiri uzipime moja moja kwa shavu,” akasema. “Yenye baridi iache hapo hapo. Iliyokauka ilaze chini ya ubao, na kila moja iwe na karatasi zake za wino. Umenisikia?”

“Nimesikia, shangazi.”

“Usiniharakishie watu.”

Siku hiyohiyo, ng'ambo ya barabara, lilikuwa linafunguliwa duka lenye mashine ya picha za rangi. Walifunga kipaza sauti, wakapiga muziki tangu adhuhuri, wakawa wanagawa peremende. Watoto wa mtaani walinipigia mluzi dirishani mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu wakaniambia peremende zinaisha. Nikaingia chumba cha nyuma kabla ya alasiri.

Nilianza na arusi. Nilimlaza bibi arusi katikati ya karatasi za wino safi kuliko zote, na wapambe wake, na wazee wake. Kisha nikamlaza baba yake Nyemo, kisha bibi. Karatasi za wino zikaisha. Zikabaki picha mbili wavuni, mama na yule mtoto mdogo. Nilimchukua mama nikamweka shavuni.

Alikuwa baridi. Nataka niliseme hili waziwazi, kwa sababu nimeshajaribu miaka mingi kulikumbuka vingine. Sikusahau kupima. Nilipima, nikasikia ubaridi umenigusa mpaka kwenye jino, nikajua kwamba bado. Na nikajisemea, hata hivyo hataziona. Nikamlaza mama, nikamfunikia mtoto juu yake uso kwa uso, nikidhani watanyooshana. Nikarudisha ubao, nikarudisha cherehani, nikarudisha jiwe. Nilipata peremende mbili na nikaiona ile mashine ikitema picha kavu za rangi, tukapiga makofi.

Jumatatu asubuhi familia ilifika mapema na sanduku la bati la Nyemo. Gari la kuwapeleka lilikuwa linapakia mizigo sokoni. Shangazi aliinua ubao mbele yao, kwa fahari kidogo, maana alipenda wateja waone picha zikitoka zimenyooka. Wa arusi walitoka wamenyooka. Baba akatoka, bibi akatoka. Zile mbili za mwisho zilitoka zikiwa kitu kimoja.

Alizigeuza mkononi. Alijaribu pembe moja kwa ukucha, akaacha.

“Karatasi ya wino iko wapi?”

“Ziliisha, shangazi. Lakini zilikuwa kavu.”

“Ulizipima?”

“Nilizipima kwa shavu. Zilikuwa kavu kabisa.”

Aliniangalia. Nilijua kutazama watu machoni nikidanganya, sijui nilikitoa wapi kipaji hicho. Akashusha mabega. “Kavu haishikani,” alisema polepole. “Basi ni mimi. Sikuzikamua vizuri, maji yamebaki ndani.” Akawageukia wale wazazi. “Nisameheni. Mkono wangu umekosea.”

Mwanamke yule aliyekuwa hakosei aliomba radhi mbele ya watu wanne na mtoto mmoja, nami nilikuwa nimesimama pale nimefumba mdomo.

Akaziloweka kwenye beseni. Tukasubiri karibu saa nzima, dereva akipiga honi. Mwishowe zikaanza kuachana, na pale zilipogoma Shangazi alivuta kwa kidole, na zikachanika. Uso wa mama, kuanzia kwenye paji mpaka chini ya mdomo, ulibanduka ukabaki juu ya kifua cha yule mtoto. Kwenye karatasi yake pakawa peupe, panakwaruza. Shangazi aliutoa uso ule juu ya mtoto kwa kuusugua na dole gumba ndani ya maji, taratibu, kama anayetoa unga uliokauka sufuriani. Alipomaliza maji yalikuwa na vipande vyeusi vinavyoelea, nami nilijua vile ni nini.

Ndipo akamwita Nyemo mlangoni penye jua. Alimshikia picha ya kwanza, mtoto akasogeza uso mpaka pua ikagusa karatasi, akaanza kuipitia kwa jicho moja kutoka juu kwenda chini.

“Baba!” akasema. Akacheka.

Alikuwa anaona.

“Na huyu?”

“Bibi.”

Ya mdogo wake ilikuwa na mkwaruzo kifuani, lakini alimjua kabla hata hajafika puani. Karatasi kubwa hazikuwepo tena. Shangazi alikimbilia chumba cha giza akamtengeneza mama kwenye karatasi ndogo ya plastiki, ya ukubwa wa kiganja, iliyobaki kwenye zile alizoweka kwa vitambulisho vya haraka. Akarudi nayo anapepea. Nyemo aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka jichoni, akaihamishia jicho la pili, akairudisha. Alikaa nayo muda mrefu kuliko zote.

“Ni mtu,” akasema.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye benchi. Alisema neno kwa Kigogo, baba hakututafsiria. Kisha akanyoosha mkono akaiomba ile kubwa iliyochanika. “Ataipeleka hivyohivyo,” akasema kwa Kiswahili. “Mabega ni yangu. Shanga ni zangu.” Shangazi akaiweka katikati ya karatasi mbili za wino, akawaelekeza waikaushe polepole, mbali na jua, na ikishakauka ilazwe chini ya godoro isije ikajikunja. Wakaenda.

Shangazi alihangaika kutafuta karatasi kubwa. Maduka yalikuwa yakijaa kila wiki, yakajaa kila kitu isipokuwa hiyo. Katika msimu wa zabibu alikuwa akinunua za Makutupora, anaondoka Jumamosi na kikapu, akisema anakwenda kumjulia mtu hali. Sikuuliza ni nani. Haukupita muda akafunga chumba cha giza. Alisema mikono yake haiaminiki tena, akawa anapiga picha na kupeleka filamu ng'ambo ya barabara kwenye mashine. Kila aliposema hivyo kuhusu mikono yake nilikuwa na nafasi ya kusema, na kila mara nikajiambia nitasema nikikua. Nikakua, nikaolewa, nikazaa. Yeye akaugua, nikamwogesha, nikamlisha, nikambadilisha shuka baada ya kuipima shavuni. Sikusema. Watu walisema nina moyo.

Siku ya mazishi kaka yangu alisimama kabla ya jeneza kutoka, akatangaza kama ilivyo kawaida yetu: mwenye dai lolote na marehemu aje kwa wafiwa, na yeyote aliyekosewa naye tunamwomba amsamehe. Watu wakaitikia kwamba wamemsamehe. Nami niliitikia.

Siku ya tatu, tukiwa tumekaa mkekani ndani, aliingia mwanamke mwenye fimbo nyeupe, akiongozwa na binti yake. Aliinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza, nikamjua kabla hajataja jina. Alikuwa mwalimu sasa. Wanawake walimsogezea nafasi akaketi karibu nami.

“Poleni na msiba.”

“Tumeshapoa. Karibu.”

“Nilisikia mmetangaza mwenye dai,” Nyemo akasema. “Mimi nilikuwa nalo moja. Bi Zaituni alikuja shuleni kwangu mara nyingi nilipokuwa mdogo, ananiletea zabibu, na kila akija ananiomba radhi kwa ajili ya picha ya mama. Nilikuwa mtoto, nina hasira, mama yangu alikwishafariki, sikumjibu hata mara moja. Nakula zabibu, nanyamaza. Sasa nimekuja kusema nimemsamehe.”

Akafungua mkoba, akatoa bahasha ngumu, na ndani yake ile picha. Ilikuwa imenyooka kama iliyotoka chini ya ubao wetu jana, hakuna pembe iliyoinuka. Alipitisha kidole kwenye mabega, kwenye shanga, akapanda juu, akasimama pale panapokwaruza.

“Nyingine zote ni laini, sizitofautishi,” akasema. “Hii naijua. Hapa ndipo uso ulipo.”

Sijui kama ni kidole kile, au ni zabibu zile nilizokuwa nikiona zikitoka nyumbani kikapuni. Nilisikia nasema, “Nyemo, hakuwa yeye.” Nikamwambia yote, kwa sauti ya chini, wanawake wengine wakiendelea na mazungumzo yao. Nilimwambia arusi ilitangulia. Nilimwambia peremende. Nilimwambia picha ilikuwa baridi na nilijua, na nilimwambia nilichojisemea.

Kidole chake hakikuondoka pale.

“Wewe ulimwona siku ile,” akasema hatimaye. “Alikuwa anacheka?”

“Alikuwa ameanza. Kona ya kushoto ya mdomo.”

Akasogeza kidole kidogo, kushoto, ndani ya ule weupe, akakiacha hapo. Kisha akairudisha picha ndani ya bahasha bila kuikunja, akaifunga, akamshika binti yake begani ili asimame.

“Bi Zaituni nimemsamehe, hilo limekwisha,” akasema. “Wewe sikuja kwa ajili yako. Hilo lako naondoka nalo kwanza.”

Nikamsindikiza mpaka mlangoni. Nilipomshika mkono kumuaga niliona shavu langu limelowa, na lilikuwa baridi.